Kumwakilisha mwathirika wa uhalifu: kazi ya tarehe, karatasi na simu

Kesi ya jinai ina pande mbili, na mteja wetu hayumo katika upande wowote. Kuna dola, iitwe Jamhuri au Mfalme, na kuna mshtakiwa. Aliyepigwa, aliyebakwa, aliyeibiwa au aliyefiwa ni shahidi: anaitwa, anaapa, anasema, anadodoswa, kisha anaambiwa anaweza kwenda. Wakili wa msaada wa kisheria anayesimama kwa ajili ya mtu huyu anaanza kazi akiwa hana meza yake mle ndani. Mawakili waliotoka kwenye utetezi au uendeshaji mashtaka hupata taabu hapo, kwa sababu wamezoea kuhesabu kesi walizoshinda. Katika kazi hii mshtakiwa anaweza kufungwa na mteja wako akatoka mikono mitupu, hakujulishwa, hakusikilizwa, hakulipwa. Anaweza pia kuachiwa huru huku mteja akiwa amelindwa, amesema lake, na gharama zake za hospitali zimebebwa na mfuko wa fidia wa serikali. Anayepima kazi yake kwa hukumu anapima kesi ya mwendesha mashtaka.

Hata jina la mteja lina mgogoro. Polisi humwita mlalamikaji. Magazeti humwita mhanga, neno ambalo bado lina harufu ya kafara. Sheria na maandishi ya karibuni yamependa mwathirika, na wengine huandika mwathiriwa. Kwenye ombi tumia neno lililomo katika sheria unayoitegemea na usichanganye mawili katika hati moja. Ana kwa ana, jina lake linatosha.

Kabla ya kupokea kesi ya kwanza, jua nchi unayofanyia kazi imempa mwathirika nafasi gani. Ufaransa anaweza kujiunga na kesi ya jinai kama mdai wa madai ya kiraia, na Ujerumani anaweza kuungana na mashtaka kwa makosa fulani. Huko wakili wake anaomba kuliona jalada na kuuliza maswali. Kwingineko hana hadhi hiyo, ana orodha ya haki tu: kujulishwa, kulindwa, kushauriwa, kusikilizwa, kufidiwa. Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa namba 40/34 la tarehe 29 Novemba 1985 ndilo lililozipanga haki hizo kimataifa kwa mara ya kwanza. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika ibara ya 68(3), ukaongeza kwamba maoni na mashaka ya mwathirika yasikilizwe pale maslahi yake binafsi yanapoguswa, ilimradi haki za mshtakiwa zisivunjwe. Maneno hayo yamesafiri. Sheria ya Kenya ya kuwalinda waathiriwa ya 2014 iliyachukua karibu kama yalivyo, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema mwathiriwa anaweza kushiriki katika usikilizwaji wa kesi kupitia wakili, ila wakili huyo asigeuke mwendesha mashtaka wa pili. Usemi huo wa mwisho unafaa kubandikwa ukutani mahali popote. Mahakimu wengi wanaotukatalia wanaogopa hilo hasa, na hofu hiyo ina msingi, maana mshtakiwa hapaswi kupambana na mawakili wawili wanaomshtaki. Kwa hiyo kila ombi lianze kwa kueleza ni maslahi gani ya mteja yanaguswa na kikao hiki. Ukishindwa kuyaandika kwa sentensi moja, huenda huna ombi.

Mahojiano ya kwanza huharibiwa na haraka ya kutaka kujua kilichotokea. Hadithi itangoja. Kwanza pitisha majina kwenye daftari la ofisi kuona kama kuna mgongano wa maslahi, yakiwemo majina ya utani na ya jamaa wa mshtakiwa. Ofisi za msaada wa kisheria huhudumia watu wa eneo moja, na si ajabu kukuta mshtakiwa alishafunguliwa jalada mlango wa pili kwa shauri la watoto au la nyumba. Ukigundua hilo baada ya kusikia siri za mteja, mara nyingi utalazimika kujitoa, na yeye atalazimika kusimulia upya kwa mtu mwingine.

Kisha uliza mambo matatu. Leo usiku unalala wapi, na je, mshtakiwa anapajua? Nikupigie namba ipi na saa ngapi? Umeambiwa tarehe yoyote? Swali la simu lisipite juu juu. Simu nyingi zina mtu wa pili: anayejua nywila, anayelipia laini, au anayesoma ujumbe ukijitokeza kwenye kioo kilichofungwa. Kubalianeni maneno ya kawaida yatakayotumika kama simu itapokewa na mwingine, na ofisi nzima iyajue, hata anayekaa mapokezi. Uliza kama barua pepe yake imefunguliwa kwenye kifaa kingine chochote. Ujumbe mmoja wenye jina la ofisi na tarehe ya kikao umetosha mara nyingi kumjulisha mtu asiyetakiwa kujua.

Mkifika kwenye tukio lenyewe, sikiliza sana na uandike kidogo. Maelezo rasmi yako polisi. Ukiandika maelezo ya pili ukurasa kwa ukurasa, yakatofautiana na ya kwanza kwa saa au rangi ya nguo, umetengeneza silaha ya maswali ya dodoso. Mtu aliyepita kwenye kitisho mara nyingi hukumbuka vipande: sauti, harufu, mlango. Mfuatano wa saa huja baadaye au hauji kabisa. Usimsaidie kuupanga. Akigundua kosa katika maelezo aliyotoa polisi, njia ni moja: maelezo ya nyongeza kupitia mpelelezi, kabla ya kesi kusikilizwa, yakieleza wazi nini kinasahihishwa. Kunyamaza na kutumaini hakuna atakayeona ni kumwacha apambane na kosa hilo kizimbani peke yake. Na ndugu yake asikae chumbani wakati huo, hata kama ndiye aliyemleta na ndiye anayejua lugha. Kuwepo kwake kunaweza kuvunja usiri kati ya wakili na mteja, naye anaweza kuja kuwa shahidi.

Kama tukio ni la karibuni, kuna saa zinazokimbia, na wakili azijue hata kama si daktari. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa lazima zianze ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Nguo zisifuliwe. Kila moja iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu, na unyevu huleta ukungu unaoharibu vinasaba. Aliyekabwa shingo apelekwe kupimwa hata kama ngozi haina alama. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, vidoa vyekundu machoni au kujikojolea wakati wa kukabwa ni dalili zinazopaswa kuandikwa na daktari, na madhara yake yanaweza kuchelewa kujitokeza. Michubuko ipigwe picha siku hiyo na irudiwe siku ya pili na ya tatu, rangi ikiiva: moja ya mbali inayoonyesha mwili, moja ya kati, moja ya karibu yenye rula pembeni. Picha za kamera za ulinzi hujifuta zenyewe baada ya siku au wiki chache, hivyo barua ya kumtaka mwenye jengo azihifadhi itoke siku hiyo hiyo, na polisi wapewe nakala. Ujumbe wa simu usiishie kwenye picha za kioo. Hamisha mazungumzo yote, yakionyesha namba, tarehe na majibu ya mteja mwenyewe, yakiwemo yale anayoyaonea aibu. Akifuta matusi yake na upande wa pili ukaleta nakala kamili, ndiye atakayeonekana mwongo.

Karatasi ya kwanza kwenda mahakamani ni notisi ya uwakilishi. Haizidi ukurasa mmoja: namba ya kesi, jina la mteja au herufi za mwanzo pale sheria inapomficha, haki anazodai na vifungu vyake, ombi la kujulishwa kila tarehe, hata ile ya kutajwa tu, na anwani ya ofisi badala ya anwani yake. Nakala ziende kwa mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi, na yako igongwe muhuri na karani. Notisi hupotea kwa namna inayojirudia. Shauri hupandishwa mahakama ya juu, washtakiwa hutenganishwa, au shtaka huondolewa na kufunguliwa upya, namba ikabadilika huku notisi yako ikibaki kwenye jalada la zamani. Hakuna aliyekuhujumu, mfumo umefuata namba. Dawa yake ni kumpigia karani mchana wa siku iliyotangulia kila kikao, kisha baada ya kikao, na kuuliza namba kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Makarani wawili wanaokufahamu kwa sauti wana faida kuliko kitabu kikubwa cha sheria. Salamu kwanza, ombi baadaye.

Dai liwe kwenye kumbukumbu za mahakama. Mwendesha mashtaka akikuambia koridoni kwamba atamweleza hakimu, mshukuru kisha uwasilishe kwa maandishi. Sheria ya Marekani ya 2004 kuhusu haki za waathirika inaonyesha sababu. Mwathirika anayetaka kukiri kosa au adhabu vifunguliwe upya lazima, miongoni mwa masharti mengine, awe alidai kusikilizwa kabla ya kikao au wakati wa kikao hicho na akakataliwa, na ombi lake lifike mahakama ya rufaa ndani ya siku 14. Mahakama hiyo nayo hupewa saa 72 kuamua, isipokuwa pande zikikubaliana muda mwingine. Aliyenyamaza siku ile ameipoteza nafasi hiyo, hata kama aliyekosea ni serikali. Kwa hiyo kwenye begi huwa na ombi la ukurasa mmoja lenye nafasi za kujaza: haki, kifungu, kikao, na sentensi ya kuomba hakimu aandike sababu endapo atakataa. Uamuzi ulioandikwa unaweza kukatiwa rufaa au kupelekwa kwenye mapitio. Kutikisa kichwa hakuwezi.

Uhusiano na mwendesha mashtaka ndio sehemu ngumu kuliko zote, na vitabu vinaupitia mbiombio. Si mpinzani wako, wala si bosi wako. Anaogopa mambo mawili: kwamba utamfundisha shahidi wake, na kwamba utachelewesha kesi. Mtoe hofu mapema, mweleze kwamba hutaandaa ushahidi wa mteja. Lakini wewe nawe jihadhari: unachompa kinaweza kulazimika kufika kwa utetezi, maana ana wajibu wa kufichua ushahidi, hasa ule unaomsaidia mshtakiwa. Shajara, ujumbe wa simu au barua ya mshauri nasaha uliyompa kwa nia njema haitarudi tena mikononi mwako. Kabla ya kukabidhi chochote, mweleze mteja kwa maneno mepesi ni nani watakaokisoma, akiwemo mshtakiwa, kisha yeye aamue. Kumbuka pia kwamba kuna siku mteja na mwendesha mashtaka watataka vitu tofauti. Mmoja anataka kesi iishe Ijumaa, mwingine anataka kujua kwa nini shtaka limepunguzwa. Siku hiyo ndipo mteja anahitaji wakili wake mwenyewe.

Kumbukumbu za ushauri nasaha ni uwanja wa vita peke yake. Utetezi huomba samansi ipelekwe hospitali au kituo cha ushauri, ikitaka faili zima tangu utoto, na mara nyingi mwenye faili huogopa muhuri wa mahakama na kutuma kila kitu kabla wakili hajajua. Chukua hatua mapema. Wiki ya kwanza muulize mteja nani ana kumbukumbu zake: daktari, mshauri, shule, mwajiri, kampuni ya simu. Kila mmoja apelekewe barua fupi, kwa idhini ya mteja iliyosainiwa, ikisema kwamba usiri ni wa mteja na si wa taasisi, hajauachilia, na samansi yoyote ikifika wakujulishe kabla ya kujibu. Samansi ikija, omba ifutwe. Hoja ziwe za jambo lenyewe: ombi halikutaja waraka mahususi, halikuonyesha uhusiano na suala linalobishaniwa, na habari hizo zinapatikana kwa njia nyingine. Uwe na ombi mbadala pia, kwamba hakimu azisome kwanza faragha na atoe kurasa zinazohusika tu. Wakili anayeomba kufutwa peke yake, akikosa, hupoteza faili zima.

Anwani nayo huvuja mahali pasipofikiriwa. Imefichwa kwenye hati ya mashtaka, lakini ipo kwenye fomu ya matibabu, kwenye stakabadhi ya fundi aliyebadilisha kitasa, kwenye barua ya mwajiri iliyoambatanishwa kuthibitisha mshahara. Soma kila kiambatisho kwa kalamu nyeusi mkononi, kisha uitoe nakala upya kabla ya kuwasilisha, kwa kuwa karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga maandishi yaliyo chini ya wino huonekana. Kwenye faili la kompyuta, kisanduku cheusi kilichowekwa juu ya maneno kinaweza kuondolewa kwa kubofya mara mbili. Chapisha, ziba, kisha piga skani.

Kikao cha dhamana hutokea haraka, mara nyingine mteja akiwa bado wodini. Kazi yako si kupinga dhamana kwa hasira. Hakimu anahitaji taarifa za usalama asizokuwa nazo: vitisho vilivyotolewa, silaha, majaribio ya zamani, ukaribu wa makazi. Na ikiwa dhamana itatolewa, masharti yaandikwe kiasi kwamba askari aliyeamshwa usiku anaweza kuyasoma na kujua kama yamevunjwa. "Asimsumbue mlalamikaji" halina maana kwa askari huyo. "Asifike ndani ya mita 200 za nyumbani, kazini na shuleni kwa watoto, asimpigie, asimwandikie, asitume mtu wala kutumia akaunti yoyote ya mtandaoni kumfikia" lina maana. Watoto wakiwa wa wote wawili, sema nani atawapokea, wapi na saa ngapi, la sivyo sharti litavunjwa wikendi ya kwanza na kila mtu atasema hakukusudia. Nakala ya amri ikae kituo cha polisi cha karibu na nyingine kwa mteja. Muulize pia msimamizi wa mahabusu utaratibu wa kumjulisha mwathirika mshtakiwa anapotoka, na umwachie namba mbili.

Makubaliano ya kukiri kosa ndiyo yanayoweza kumwacha mteja bila kitu wakati kila mtu mwingine ameridhika. Hatari yake imejificha kwenye mashtaka yanayoondolewa. Mshtakiwa ana mashtaka matano, anakiri moja, manne yanafutwa, na fidia inahesabiwa kwa lile moja tu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuata mantiki hiyo mwaka 1990 katika kesi ya Hughey, ikisema fidia inafuata hasara ya kosa ambalo mtu amepatikana nalo na hatia. Nchi nyingi huenda njia hiyo hiyo bila hata kuwa na uamuzi kama huo. Kinga yake ni sentensi moja ndani ya makubaliano: mshtakiwa anakubali kulipa hasara ya matukio yote yaliyomo kwenye hati ya mashtaka, yakiwemo yaliyoondolewa. Sentensi hiyo hupatikana kirahisi mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, na haipatikani kabisa baada ya saini. Ndiyo maana unamuuliza mwendesha mashtaka kila wiki kama kuna mazungumzo, hata akichoka na sauti yako.

Hesabu ya hasara ianze siku ya kwanza, wakati stakabadhi bado zipo. Jedwali la safu tano linatosha: tarehe, gharama, aliyelipa, kiasi, namba ya kiambatisho. Safu ya aliyelipa ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayoangusha madai. Bima ikiwa imelipa, deni hilo ni la bima, na mteja akilidai ataonekana anataka kulipwa mara mbili, doa linaloenea kwenye madai mengine yote. Mishahara iliyopotea ithibitishwe kwa barua ya mwajiri yenye siku na kiwango. Asiye na mwajiri alete daftari la mauzo, miamala ya simu au kiapo cha wateja wake wa kudumu. Ushauri nasaha wa siku zijazo unahitaji barua ya mtaalamu inayotaja idadi ya vikao, bei ya kila kimoja na sababu. Neno "takriban" lisionekane popote.

Kisha mweleze mteja ukweli ambao wengi huukwepa: amri ya fidia si fedha. Washtakiwa wengi hawana kitu, na hata wenye nacho hulipa kidogo kidogo kwa miaka. Uliza kama amri inaweza kusajiliwa kama hukumu ya madai, inadumu miaka mingapi, na nani ana wajibu wa kuifuatilia. Mfuko wa serikali, pale ulipo, ni njia tofauti. New Zealand ilianzisha wa kwanza kwa sheria ya 1963, na wa serikali kuu ya Marekani, wa 1984, hujazwa na faini za wakosaji badala ya kodi. Mifuko hii hufanana tabia: hulipa baada ya vyanzo vingine vyote kukwisha, kwa kawaida hailipii mali iliyoibiwa, inataka tukio liwe limeripotiwa polisi, na ina ukomo wa muda usiongoja kesi iishe. Maombi hukataliwa kwa sababu ndogo: saini imesahaulika, taarifa ya polisi haikuambatanishwa, au mpelelezi ameandika kwamba mteja hakutoa ushirikiano kwa kuwa alibadilisha namba akikimbia. Hilo la mwisho hujibika kwa barua yenye tarehe za simu zako kwa mpelelezi, ndiyo maana tarehe hizo ziandikwe kila unapopiga.

Tamko la athari, lile mteja analosoma kabla ya adhabu, wakili asiliandike. Kulipanga inaruhusiwa, kubadilisha sauti hapana. Hakimu husikia mara moja maneno ya wakili yakitoka kinywani mwa muuza samaki, na akisikia hivyo haamini hata yale yaliyo ya muuza samaki mwenyewe. Kurasa mbili zinatosha. Mweleze yaliyo nje ya mipaka: makosa ambayo hayakushtakiwa, matusi, na katika baadhi ya nchi pendekezo la adhabu. Mambo madogo ndiyo hubeba uzito: mlango anaokagua mara ngapi usiku, njia anayozunguka kwenda kazini, mtoto aliyerudi kukojoa kitandani. Nakala itoke mapema, kwa sababu utetezi una haki ya kuiona na pengine kuuliza maswali juu yake, na mteja ajue hilo kabla ya kukubali. Kama kuna mkalimani, apewe maandishi siku moja kabla. Mteja alisome kwa sauti mbele yako angalau mara moja, kisha muamue nani ataendelea kusoma endapo sauti itakatika. Jina la msomaji huyo mpe karani kabla ya kikao.

Kuhusu siku ya ushahidi, machache. Mpeleke aione mahakama ikiwa tupu: kizimba, kiti cha hakimu, mlango wa kutokea, choo. Omba mapema pazia, video au kikao cha faragha pale sheria inaporuhusu, na chumba cha kungojea kisicho kwenye koridori ya jamaa wa mshtakiwa. "Sijui" na "sikumbuki" ni majibu kamili. Swali asilolielewa aombe lirudiwe. Mambo ya ushahidi wenyewe mwachie mwendesha mashtaka. Jiandae kwa kuahirishwa, maana mteja aliyekesha kwa hofu akaambiwa arudi baada ya miezi miwili huumia kuliko aliyehojiwa. Mwambie tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea zaidi ya mara moja, na ombi la kuahirisha likitolewa, simama ueleze limemgharimu nini kwa siku za kazi na nauli.

Itafika siku mteja aseme anataka kuifuta kesi. Si yake kuifuta, na hilo lielezwe kwa upole. Usikimbilie kumwandikia kiapo cha kukana maelezo yake, kwa kuwa kiapo hicho kinaweza kumgeuza mshtakiwa wa kosa la kutoa taarifa za uongo. Tafuta kwanza kilichobadilika. Mara nyingi ni kodi ya nyumba, ada ya shule, wajumbe wa familia waliokuja mara tatu, au mshtakiwa aliyerudi nyumbani. Baadhi ya hayo yana dawa ya kisheria: amri ya matunzo, sharti jipya la dhamana, taarifa ya kutishwa kwa shahidi. Yasipokuwa na dawa na bado anataka kujitoa, peleka msimamo wake kwa mwendesha mashtaka kama ulivyo, bila kuupamba wala kuupunguza. Sisi ni mawakili wake hata anapochagua tusilolipenda, na anayeshindwa hilo atafute kazi upande wa mashtaka.

Ofisi zetu hufunga majalada hukumu ikitoka, kwa kuwa ripoti za wafadhili huhesabu yaliyofungwa. Hilo ni kosa. Baada ya hukumu kuna rufaa, ambako mshtakiwa anaweza kuomba dhamana upya. Kuna malipo ya fidia yanayokoma bila taarifa. Kuna kuhamishwa gereza, parole, yaani kutoka kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, na kuachiwa. Taarifa za hayo yote humfikia mwathirika aliyejisajili, kwenye anwani aliyoiandika siku ile, na watu waliokimbia vurugu huhama. Kabla ya kufunga, jazeni pamoja fomu ya kujulishwa gerezani na kwenye bodi ya parole. Andikeni namba mbili, moja yake ya mtu asiyehama hama, na mpe mteja barua tupu ya kubadilisha anwani yenye namba ya mfungwa na ya kesi zilizokwisha kujazwa, abaki kuandika makazi mapya na kusaini. Kwenye jalada, juu ya ganda, andika kwa kalamu nene mwezi na mwaka ambao mfungwa anaanza kustahili parole, kisha ingiza tarehe hiyo kwenye kalenda ya ofisi miezi sita kabla, si kwenye simu yako. Huenda siku hiyo ikifika wewe umeshahama kazi, na atakayepokea simu ya bodi ni mwenzako ambaye hajawahi kuliona jalada hilo.